Siku Mke wa Kisimani Aliposamehe

Ukitaka mnofu mzuri kwenye bucha ile, usimtetee mume. Wateja walishalijua hilo. Mwanamke aliyesimama nyuma ya gogo, mpana wa mabega, mchache wa kucheka, aliitwa Shoka, na kila aliyekuja kununua nyama alipitishwa kwenye mtihani mdogo kwanza.

"Wewe unasemaje," angeuliza huku akinoa kisu, "yule mume wa kisimani afe au asife?"

Aliyesema afe alikatiwa paja. Aliyeanza habari za "lakini na mwanamke naye" alifungiwa shingo na mifupa, na akilalamika anajibiwa, "Si unapenda kutafuna visivyotafunika? Haya, katafune."

Walikuwa wanazungumzia tamthilia ya *Kisima Hakisahau*, iliyokuwa imeshamaliza misimu mitatu. Ndani yake mwanamke anapigwa na mumewe mpaka anazimia, kisha anatupwa kisimani akiwa bado anapumua, na ukoo mzima unanyamaza kama umemwagiwa maji. Basi mwanamke akaanza kurudi. Alitoka kisimani nywele zikichuruzika, macho meupe kama yai, na kila msimu alimchukua mmoja. Msimu wa kwanza alimmaliza shemeji aliyeshika miguu wakati wa kumtupa. Wa pili, mama mkwe aliyefua damu kwenye shuka. Wa tatu, jirani aliyesikia kelele akaongeza sauti ya redio. Huyo alikutwa amekufa maji kitandani kwake, na chumba kikavu kabisa. Alibaki mume peke yake. Kwa miezi kumi na minne watu walikuwa wanamsubiri huyo mume.

Hakuna aliyemsubiri kama Shoka. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe wateja waliijua nusunusu.

Kazi ya kukata nyama alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akisema mfupa hauna hila, ukiupiga pasipo kiungo utakurudishia shoka usoni. Alipofika miaka ishirini na tisa aliolewa na dereva wa lori. Dereva alikuwa mtu wa watu. Alisalimia wazee, alibeba wagonjwa bure, alichekesha msibani. Akishafunga mlango wa nyumba yake alikuwa mtu mwingine, na huyo mwingine Shoka alimjua peke yake kwa miaka saba. Alimjua kwa mkanda, kwa mwiko, kwa pasi ya umeme ambayo siku moja ilimwacha na alama ya pembe tatu chini ya titi.

Siku ya mwisho wa msimu wa pili, mama mkwe wa kwenye tamthilia alipokuwa anazamishwa ndani ya beseni lake mwenyewe la kufulia, Shoka alijisahau akapiga makofi. Dereva alikuwa amekaa nyuma yake. Aliinuka, akang'oa televisheni ukutani, akaishusha begani mwa mkewe kwa nguvu zake zote. Mfupa wa mtulinga ulivunjika mara mbili. Alipokuwa chini, kioo kimemjaa nywelani, alimsikia akisema, "Unafundishwa na sanduku hili kuniua, siyo? Likufundishe na kunyamaza."

Siku ya pili yake dereva alisafiri na mzigo. Naye Shoka akatoka na nguo alizovaa, mkono umefungwa kwa kanga, akaenda kwa mdogo wake ambaye alikuwa msusi. Hakurudi. Vikao vilikaliwa, wajomba wakaja na maneno matamu, dereva akalia mbele yao. Shoka alisema hapana kwenye kila kikao mpaka wakachoka. Talaka ikatoka. Bega lilipopona alienda bucha ya mzee mmoja ambaye wote walimwita Tajiri, ingawa utajiri wake wote ulikuwa ni duka lile na mafriji mawili, akamwambia, "Mzee, mimi najua kukata." Tajiri akampa shoka na nusu ya ng'ombe. Baada ya saa moja akampa na aproni.

Msimu mpya ulipangwa kuanza Jumamosi, saa kumi alasiri. Tajiri alitundika televisheni juu ya mizani na kutangaza kwamba kuanzia saa kumi mpaka sehemu ya kwanza iishe hapatauzwa hata utumbo. Watu wakaja. Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili, alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu hakuamini mabenchi ya watu. Mwalimu wa shule ya jirani alikuja na miwani mbili, moja ya kuonea mbali. Walifika kama ishirini, wengine wamesimama hadi mlangoni, juu ya maranda yaliyomwagwa sakafuni kunyonya damu ya asubuhi. Shoka alibaki nyuma ya gogo lake. Alikuwa amekwisha kunawa, lakini shoka hakuliweka. Alilishika kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake wakati wa hofu.

Ilianza vizuri mno. Mume alikuwa amekonda, anapigilia misumari kwenye mfuniko wa kisima, msumari juu ya msumari, midomo inamtetemeka. Msumari wa kwanza ukaruka wenyewe. Wa pili. Wa tatu ukamwingia kwenye shavu. Bucha nzima ikalipuka.

"Anakuja! Mama anakuja!" alipiga kelele Mama Cherehani.

Mfuniko ukapasuka vipande viwili na mkono ukatoka. Mke wa Kisimani alimshika mumewe kidole cha kwanza akakivunja taratibu, kama mtu avunjaye kijiti cha kuwashia moto. Akaenda cha pili. Kila kidole kilipolia, Shoka alipiga gogo kwa shoka, na watu wakahesabu kwa sauti moja. Walipofika saba mwalimu alikuwa amesimama juu ya benchi. Mke alimwingiza mumewe mkono kinywani, akamkamata taya la chini kama anayeshika mpini wa ndoo, akamburuta kwa taya hilo hadi ukingoni. Damu ilishuka kwenye mawe. Kichwa chake kilikuwa kimeshaning'inia juu ya maji.

"Mzamishe!" bucha ilinguruma. "Mzamishe!"

Hapo mume akalia. Hakusema mengi, maana na taya lenyewe lilikuwa limeachia. Alisema, "Nisamehe, mke wangu," akalia kama mtoto. Na Mke wa Kisimani akasita. Macho yake meupe yakaanza kurudiwa na rangi, muziki laini ukaingia, akamwachia. Akampapasa shavu lile lenye msumari. Kisha akashuka kisimani mwenyewe, polepole, miguu kwanza, mpaka maji yakamfunika utosi. Mume akachukua vipande vya mfuniko akafunika. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Halafu kandambili ya Mama Cherehani ikaruka hewani na kugonga kioo.

"Misimu mitatu!" alifoka. "Misimu mitatu nimekaa nangoja, mnanipa papaso!"

"Mwandishi kalogwa," mtu akasema.

"Mwandishi ni mwanamume," akajibu mwingine, na vicheko vya hasira vikazagaa.

Shoka hakucheka. Alijisikia kama mtu mwenye shahidi mmoja tu duniani, na shahidi huyo ndiyo kwanza amepanda kizimbani akasema hakuona kitu. Watu walipomgeukia wasikie atasema nini, maana ndiye aliyekuwa kichwa cha mashabiki pale, alisema kwa sauti ndogo, "Hakumwambia hata amemkosea nini. Amelia tu. Machozi maji, na maji ndiyo yaliyomuua. Sasa kapewa nini huyu mwanamke?"

"Lakini amesamehe," sauti ikajibu kutoka mlangoni.

Shoka aliijua kabla ya kumwona mwenyewe. Dereva alikuwa amesimama pale tangu katikati ya kipindi, ameegemea fremu, shati limepigwa pasi. Kumpata hakukumsumbua. Mtu aliyeishi na Shoka miaka saba asingekosa kujua kwamba siku hiyo, saa hiyo, atakuwa mbele ya televisheni, na mtaa wote ulijua televisheni gani. Alipita katikati ya watu kwa upole, akiomba samahani kwa kila aliyemkanyaga, mpaka mbele ya kaunta. Akapiga magoti juu ya maranda.

"Mke wangu," alisema. "Umeona mwenyewe. Hata yule aliyeuawa amesamehe. Wewe u hai."

Watu walewale ambao dakika moja iliyopita walikuwa wanataka mume azamishwe, sasa walitulia. Mtu akasema, "Maskini." Mwanamke mmoja akafuta jicho. Mwalimu akashuka kwenye benchi, akajikohoza.

"Mama," alimwambia Shoka, "mtu mzima akipiga magoti hadharani si jambo dogo. Mengine haya tunayaangalia tu kwenye televisheni. Nyumba ni nyumba. Msikilize."

"Msamehe, bwana," sauti nyingine ikadakia nyuma. "Yaishe."

"Nyamazeni, wanafiki nyinyi!" alisema Mama Cherehani. "Sasa hivi si mlikuwa mnahesabu vidole?"

Shoka alimtazama yule mtu aliyepiga magoti. "Unaomba msamaha wa nini?" aliuliza.

"Wa yote."

"Yote yapi? Taja."

"Mbele za watu, mke wangu?"

"Si mbele za watu ndiko ulikokuja kupiga magoti? Taja moja tu."

Dereva aligeuza macho huku na huku, tabasamu dogo likimcheza. "Tuligombana. Shetani alinipitia. Nani hajawahi kugombana na mkewe?"

"Taja pasi," alisema Shoka. "Taja bega. Sema, nilimpiga kwa televisheni nikamwacha chini nikaenda kulala. Sema hivyo wakusikie, kisha mwalimu arudie kuniambia nikusamehe."

Lile tabasamu likazimika, na Shoka akamwona yule mwingine, wa baada ya mlango kufungwa, akija juu ya uso ule mchana kweupe mbele ya watu ishirini. Alitaka kurudi nyuma. Ukuta ulikuwa nyuma yake.

Dereva aliinuka na kwa mkono mmoja akarusha nusu ya mwili wake juu ya kaunta, akamkamata nywele, akamvuta. Paji la uso la Shoka liligonga ukingo wa bati wa kaunta, mara moja, mara mbili, likapasuka. Damu ikamziba jicho la kushoto. Shoka lilimtoka mkononi likaanguka kando ya gogo. Kufumba na kufumbua dereva alikuwa ameshapanda upande wa pili, na mkononi mwake mna kisu chembamba cha kutolea mifupa kilichokuwa kwenye kaunta.

"Nikutajie?" alikuwa anasema. "Nikutajie?"

Alimchoma juu ya mkono wa kulia. Kisu kiliingia hadi mfupani kikatoka. Watu wote walikuwa mlangoni kwa wakati mmoja, wanakanyagana, mabenchi yanapinduka. Mwalimu alitoka wa kwanza, miwani yake ya mbali ikasagwa chini ya miguu ya wenzake. Juu ya mizani, kwenye televisheni, msichana wa kwenye tangazo alikuwa anafua shati jeupe huku anaimba.

Mama Cherehani hakukimbia. Alinyanyua kiti chake akakivunjia mgongoni mwa dereva. Dereva aligeuka akamsukuma, na mama yule mnene akaenda kujipiga kwenye ndoano za kutundikia nyama. Moja ikamzama kwenye nyama ya mkono wa juu, akabaki ananing'inia nusu, anatukana matusi ambayo hakuna aliyejua kama anayajua. Tajiri, na miaka yake sabini, alitambaa akakumbatia mguu wa dereva. Alipigwa teke la mdomo. Akatema jino, akaukumbatia tena.

Dereva alimlaza Shoka chali juu ya gogo, kiwiko kimemkaba koo, kisu juu. Shoka alikuwa anaona dari na dari inakuwa nyeusi pembeni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa chini, unapapasa, ukakuta mpini. Baadaye alisema alipata muda wa kufikiri kitu kimoja tu, nacho ni kwamba shoka lina pande mbili. Akaligeuza. Kisogo cha shoka kilishuka juu ya kifundo cha mkono wenye kisu, na mlio uliotoka aliufahamu, maana aliusikia kila siku ya kazi.

Kisu kilianguka. Dereva alipiga yowe, akaudondosha mkono wake juu ya gogo kama kitu kisicho chake. Hapo Shoka alikuwa ameshasimama. Akampiga tena, kwenye kiwiko cha mkono uleule, hapohapo kwenye kiungo kama alivyofundishwa. Akainua mara ya tatu. Safari hii alikuwa anaangalia kichwa.

"Mwanangu," alisema Tajiri kutoka chini, damu inamtiririka kidevuni. "Mwanangu, imetosha."

Watu wanapenda kusema kwamba alisikia neno la mzee akashusha shoka. Shoka mwenyewe hasemi hivyo. Anasema mkono wa kushoto ulikuwa umechoka na wa kulia ulikuwa umechomwa, shoka likawa zito, likaanguka lenyewe. Aliinama akatapika kwenye ndoo ya mifupa. Alipoinua uso aliwaona wateja wake wamejaa dirishani upande wa nje, kila mmoja ameinua simu, wanarekodi.

Askari waliwachukua wote wawili. Shoka alishonwa nyuzi kumi na tisa, kisha akalala mahabusu siku tatu, kwa sababu dereva aliandikisha kwamba alikwenda kuomba suluhu akavamiwa kwa shoka. Mdogo wake alileta uji kila asubuhi. Siku ya kwanza alipomwona dada yake uso umevimba jicho limefungwa, chupa ilimponyoka mkononi.

"Dada, wanasema ulikata mkono wa mtu."

"Sikukata. Nimevunja."

"Kuna tofauti?"

"Kwa mkata nyama ipo."

Mahakamani, ambako kesi zao zilisikilizwa kwa pamoja, wakili wa dereva alijitahidi. Alimwambia hakimu kwamba mwanamke huyu ni mlevi wa tamthilia ya mizimu, kwamba kwa miezi aliwauliza wateja kama mume afe, kwamba alipiga gogo kwa shoka akihesabu vidole vya mtu. Video za simu zilionyeshwa. Zote zilianza baada ya watu kukimbia, kwa hiyo zilimwonyesha Shoka na shoka tu.

Mwalimu aliitwa awe shahidi wa dereva. Alisimama kizimbani, akathibitisha kwamba ndiyo, Shoka alikuwa akiuliza hivyo, na ndiyo, wote walihesabu vidole, naye akiwemo. Wakili alipotaka kumruhusu ashuke, hakushuka.

"Kuna jingine, Mheshimiwa," alisema. "Nilimwambia amsamehe. Nilikuwa simjui huyo bwana, sijui alichofanya, nikamwambia amsamehe. Alipomshika nywele nilikimbia. Mwenye kisu alikuwa huyu bwana. Nilikiona."

Mama Cherehani alifuata, mkono umening'inizwa shingoni, akaeleza mengine kwa urefu hadi hakimu akamwomba afupishe.

Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye kuandika polepole, alimgeukia Shoka. "Pigo la kwanza nimelielewa. Kisu kilishaanguka. La pili lilikuwa la nini?"

Wakili aliyemtetea alimkanyaga mguu chini ya meza. Shoka aliusikia, akauondoa mguu wake.

"La kwanza lilikuwa la kisu, Mheshimiwa. La pili lilikuwa la bega langu."

"Na la tatu, ambalo halikupigwa?"

"Hilo sijui lilikuwa la nini. Ndilo linaloniamsha."

Dereva alifungwa miaka sita. Mkono wake haukunyooka tena. Shoka alikutwa na kosa kwa pigo la pili, akaachiwa kwa sharti la kutofanya kosa lolote kwa mwaka mzima. Tajiri alimrudisha kazini siku iliyofuata; mkono wa kulia ukawa hauna nguvu, akajizoeza kukatia wa kushoto, wiki za mwanzo anaharibu nyama na kulia kwa hasira chooni. Televisheni ilibaki palepale juu ya mizani. Msimu uliendelea, watu wakaangalia, yeye siku za kipindi anaondoka mapema. Mama Cherehani alijaribu mara mbili kumsimulia yaliyotokea mbele. Mara zote mbili Shoka alimwambia, "Shoga, mimi na yule mwanamke tumeachana. Afanye atakavyo."

Jumapili moja, miezi mingi baadaye, alikuwa amekaa sakafuni kwa mdogo wake, kichwa katikati ya magoti ya msusi, anasukwa. Upande mmoja, pale dereva aliponyofoa nywele, palikuwa pameota vinyweleo laini visivyoshika uzi, na mdogo wake alikuwa anahangaika kuvificha chini ya vile virefu.

"Dada," aliuliza. "Bado unamchukia?"

"Simchukii. Namwogopa. Akitoka nitakuwa na miaka arobaini na tano. Nimeshapiga hesabu. Nahama kabla ya hapo."

"Na mimi?"

"Utakuja na mimi. Nywele ziko kila mahali."

Mdogo wake alicheka, akachukua fungu lingine la nywele, akavuta.

"Taratibu hapo," alisema Shoka. "Panauma bado."